Mhimili wa Boneti: Somo la Kani kutoka Barabara za Rungwe

Barabara itokayo Mbeya kwenda Kyela huanza kupanda mara baada ya Uyole. Hupita Isongole penye ubaridi na ukungu, huzunguka ubavu wa Mlima Rungwe wenye kimo cha mita 2,960 hivi, kisha huteremka kupitia Kiwira hadi mji wa Tukuyu. Kutoka barabara hiyo kuu hujitenga njia nyingi za udongo wa volkano ziendazo kwenye mashamba ya chai, kahawa na migomba. Katika wilaya hii, ambamo sehemu nyingi hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, magari madogo hukwama upesi. Ndiyo maana Land Rover kuukuu, zilizoundwa miaka ya 1960 na 1970, zilipata kazi nyingi huku milimani, na baadhi yake zingali zikitembea hadi leo.

Gari kuukuu halikosi kufunguliwa boneti njiani. Dereva hushuka, huinua boneti, na msaidizi wake huokota kijiti kando ya njia akakisimamisha chini yake. Kisha wote wawili huinamisha vichwa juu ya injini. Katika makala haya tutauliza swali moja: je, kijiti kile kinastahili kuaminiwa na shingo ya binadamu? Swali hili halihitaji maabara. Lahitaji kanuni tatu tu za fizikia ya shule ya sekondari, nazo ni momenti ya kani, msuguano, na kupindika kwa nguzo nyembamba.

Boneti ni wenzo

Boneti ya Land Rover ya zamani imeshikwa na bawaba upande wa nyuma, karibu na kioo cha mbele, na hufunguka kwa kuinuliwa ukingo wake wa mbele. Kwa hiyo ni wenzo. Egemeo lake ni bawaba, mzigo wake ni uzito wa boneti yenyewe, na jitihada hutolewa na mkono wa mtu au na mhimili.

Tuchukulie kwamba boneti ina urefu wa sentimita 100 kutoka bawaba hadi ukingo wa mbele, na tungamo la kilo 16. Tukichukua mvutano wa dunia kuwa newtoni 10 kwa kila kilo, uzito wake ni newtoni 160. Kitovu cha uzito kipo karibu na katikati, yaani sentimita 50 kutoka bawaba. Boneti ikiwa imelala, momenti ya uzito huo ni:

160 × 0.5 = newtonimita 80.

Mtu anayeinua ukingo wa mbele, ulio mita 1 kutoka bawaba, huhitaji basi kani ya newtoni 80 tu, ambayo ni nusu ya uzito wa boneti.

Lakini Land Rover nyingi hubeba gurudumu la akiba juu ya boneti. Tuseme gurudumu hilo lina tungamo la kilo 30 na limekaa katikati. Uzito wote sasa ni newtoni 460, na momenti ni newtonimita 230. Kazi ya mkono mmoja imegeuka kuwa kazi ya mikono miwili. Ni karibu mara tatu ya momenti ya kwanza, wala hapana kilichobadilika katika sura ya boneti yenyewe ila gurudumu.

Boneti inapoinuka, umbali wa mlalo kati ya bawaba na kitovu cha uzito hupungua, na momenti hupungua pamoja nao. Katika pembe ya nyuzi 45, momenti ni 230 × kosaini 45, yaani newtonimita 163 hivi. Katika nyuzi 60 ni newtonimita 115, ambayo ni nusu ya ile ya mwanzo. Kila afunguaye boneti hulijua jambo hili mikononi mwake, maana mwanzo ni mzito na mwisho ni mwepesi. Hatari yake ni kwamba wepesi wa mwisho humfanya mtu asahau uzito wa mwanzo.

Na uzito huo haukwenda popote. Boneti hiyo yenye gurudumu, ikiwa imefunguliwa nyuzi 45, kitovu chake cha uzito kimepanda sentimita 35 hivi. Nishati iliyohifadhiwa ni 460 × 0.354, yaani jouli 163 hivi. Debe la maji la lita 20 likianguka kutoka kimo cha sentimita 81 lina nishati iyo hiyo. Hakuna mtu mwenye akili timamu ambaye angeinamisha shingo chini ya debe lililotundikwa kwa kijiti.

Mguu wa mhimili uwekwe wapi?

Mhimili mwepesi husukuma kwa kufuata urefu wake mwenyewe. Momenti yake ni kani hiyo mara umbali mfupi kabisa kutoka bawaba hadi mstari wa mhimili. Umbali huo ukiwa mdogo, kani haina budi kuwa kubwa.

Tuchukue boneti yetu yenye gurudumu, katika nyuzi 45, na tuweke kichwa cha mhimili sentimita 70 kutoka bawaba. Mguu wake tuujaribu mahali patatu:

Kwanza, mguu uwe kwenye fremu ya mbele juu ya rejeta, sentimita 99 kutoka bawaba. Hapo mhimili unakutana na boneti kwa pembemraba. Kani ni 163 ÷ 0.70, yaani newtoni 232 hivi.

Pili, mguu uwe chini ya kichwa sawasawa, mhimili umesimama wima, sentimita 50 kutoka bawaba. Kani ni newtoni 329 hivi.

Tatu, mguu uwe nyuma zaidi, sentimita 36 kutoka bawaba, mhimili ukiinamia nyuma. Umbali wa momenti ni sentimita 35 tu, na kani ni newtoni 465 hivi.

Boneti ni ile ile na pembe ni ile ile, lakini mhimili wa tatu hubeba mara mbili ya ule wa kwanza. Tena, kama kichwa chenyewe kingewekwa sentimita 20 tu kutoka bawaba, hata kwa pembemraba, kani ingefika newtoni 813 hivi. Kanuni ya kwanza ni hii: mhimili uwe mbali na bawaba kadiri iwezekanavyo, kichwani na mguuni.

Kwa nini kijiti huteleza?

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Kijiti kilichosimamishwa bila kufungwa hushikwa na msuguano peke yake, kichwani dhidi ya boneti na mguuni dhidi ya bodi ya gari. Msuguano una mpaka. Kijiti kikielekea sawasawa na pembemraba ya bati, hakitelezi. Kikiinama kutoka pembemraba hiyo, hufika pembe ambapo huteleza, nayo ni pembe ambayo tanjenti yake ni sawa na namba ya msuguano ya vitu viwili vinavyogusana.

Kwa mti mkavu juu ya bati kavu, namba hiyo huwa kati ya 0.2 na 0.6. Tukichukua 0.4, kijiti kitaanza kuteleza kikiinama nyuzi 22 hivi. Bati likiwa na oili au maji, namba yaweza kushuka hadi 0.2 au chini yake, na pembe ya usalama huwa nyuzi 11 au pungufu.

Sasa, bati la boneti na sehemu ya bodi iliyo chini yake vimeachana kwa nyuzi 45. Kwa hiyo hata pembemraba zao zimeachana kwa nyuzi 45. Kijiti kimoja hakiwezi kufuata zote mbili. Kikifuata ile ya boneti, kimeinama nyuzi 45 mguuni. Kikisimama wima, kimeinama nyuzi 45 kichwani. Tukigawanya kwa haki kabisa, kila upande hupata nyuzi 22 na nusu, na hapo namba ya msuguano inayohitajika ni 0.41. Kwa kifupi, jumla ya mainamo mawili haiwezi kamwe kupungua kuliko pembe iliyofunguliwa.

Tazama basi jambo la ajabu. Tulisema kwamba kufungua boneti zaidi hupunguza momenti. Sasa tunaona kwamba kufungua zaidi huongeza utelezi. Mtu aliyeinua boneti juu sana ili apate nafasi, akatia kijiti kirefu zaidi, amepunguza mzigo lakini amejiongezea hatari ya kijiti kuchomoka. Katika mvua ya Rungwe, na penye oili ya injini, kijiti kisichofungwa hakina hesabu inayoweza kukitetea. Kikisimama ni kwa bahati, na bahati si kipimo cha sayansi.

Kanuni ya pili, basi: mhimili usitegemee msuguano. Mguu ushikwe na bolti au kipini unachoweza kuzunguka juu yake, na kichwa kiingie katika tundu au kikombe cha chuma kilichofungwa kwenye boneti, kisha kizuiwe kwa pini. Fimbo ya chuma iliyowekwa na kiwanda hufuata kanuni hii. Ikiwa fimbo hiyo ingalipo katika gari lako lakini tundu lake limepanuka au pini imepotea, tengeneza hilo kwanza kabla ya kubuni jingine.

Unene wa mhimili

Fimbo nyembamba ikisukumwa kwa urefu wake haivunjiki kwa kupondwa. Hupindika ghafla katikati. Mwanahisabati Leonhard Euler, aliyeishi kati ya 1707 na 1783, alionyesha kwamba kani ya kupindisha nguzo ya mviringo huongezeka kwa kipeo cha nne cha kipenyo, na hupungua kwa mraba wa urefu. Kipenyo kikiongezwa mara mbili, uwezo huwa mara 16. Urefu ukiongezwa mara mbili, uwezo huwa robo.

Kwa fimbo ya chuma iliyonyooka, yenye urefu wa sentimita 70 na ncha zilizo huru kuzunguka, hesabu ya Euler hutoa matokeo haya: kipenyo cha milimita 6, newtoni 256 hivi, milimita 8, newtoni 810, milimita 10, newtoni 1,980, milimita 12, newtoni 4,100.

Linganisha na kani ya newtoni 232 tuliyoipata pale mguu ulipowekwa vizuri. Fimbo ya milimita 6 imeipita kwa kiasi kidogo mno, nayo ikiwa na mpindo mdogo tu tangu awali, au mtu akiegemea boneti kwa kiwiko, itasalimu amri. Kama mguu umewekwa vibaya na kani ni newtoni 465, haifai kabisa. Kipande cha nondo ya milimita 10 kina akiba ya zaidi ya mara nane. Nondo hiyo hupatikana popote panapojengwa nyumba, na fundi wa kuchomelea wa Tukuyu aweza kuikata na kuikunja ncha katika muda mfupi.

Je, mwanzi? Kwa maumbile yake mwanzi ni nguzo nzuri. Mti wake umekaa pembeni, mbali na katikati, na mafundo yake huuzuia kubonyea. Mwanzi mkavu, uliokatwa juu kidogo ya fundo na kufungwa kwa kamba kichwani na mguuni, waweza kumtoa msafiri katika shida. Lakini ni wa safari moja. Hupasuka ukikauka sana, na ncha yake ni laini. Shina la mgomba, ambalo wengine hulikimbilia kwa kuwa liko karibu, limejaa maji, hubonyea na kuteleza, lisitumike kamwe.

Njia nyingine zinazosifiwa

Baadhi ya watu hulaza boneti nyuma kabisa mpaka iegemee fremu ya kioo. Njia hii ni imara ikiwa kitovu cha uzito kimevuka mstari wa bawaba kwenda nyuma. Lakini Rungwe ni nchi ya miteremko. Tuseme boneti imefunguliwa nyuzi 95 kwa kupimwa kutoka kwenye bodi, na gari limeelekea chini katika mteremko wa nyuzi 10. Kwa kupimwa kutoka mlalo wa kweli, boneti imefunguka nyuzi 85 tu. Kitovu cha uzito kingali mbele ya bawaba, na boneti itajifunga yenyewe. Gari hilo hilo likielekea juu, pembe ni nyuzi 105, na boneti inatulia. Hivyo njia hii yafaa gari linapoelekea mlimani, gurudumu la akiba likiwa limeondolewa, na boneti ikiwa imefungwa kwa kamba.

Wengine hununua mihimili ya gesi, yaani mitungi miembamba yenye gesi iliyoshindiliwa. Ni vizuri katika magari yaliyobuniwa kwa ajili yake. Katika gari letu ina matatizo mawili. La kwanza ni gurudumu. Mtungi uliofungwa mahali ambapo umbali wa momenti ni sentimita 20 huhitaji newtoni 813 hivi gurudumu likiwepo, na newtoni 283 tu likiondolewa. Ukichagua mdogo, hauwezi kubeba gurudumu. Ukichagua mkubwa, boneti tupu hurushwa juu na bati jepesi hukunjamana. La pili ni baridi na uchakavu. Kanio ya gesi iliyofungiwa hupungua pamoja na halijoto yake ya Kelvini. Kutoka nyuzi 27 za Selsiasi mchana hadi nyuzi 7 alfajiri ya Julai, yaani kutoka Kelvini 300 hadi 280, nguvu hupungua kwa karibu asilimia 7. Mtungi uliokuwa ukitosha barabara huanza kushuka polepole, tena bila sauti. Na mtungi uliovuja hautoi onyo.

Kwa kazi ndefu, kama kuinua kichwa cha injini, njia iliyo salama kupita zote ni kuiondoa boneti yote kwenye bawaba zake na kuiweka chini. Land Rover za zamani zimeundwa hivi kwamba jambo hili ni rahisi. Watu wawili waibebe, gurudumu likiwa limekwisha kuondolewa. Kitu kilichokwisha kufika chini hakiwezi kuanguka.

Upepo na kutu

Mhimili huzuia boneti isishuke, lakini hauizuii isipande. Boneti yenye eneo la mita za mraba 1.3, ikipigwa kutoka mbele na upepo wa mita 15 kwa sekunde, hupata kani ya newtoni 146 hivi kwa makadirio. Katika nyuzi 45, sehemu ya uzito wa boneti tupu inayopinga kani hiyo ni newtoni 113 tu. Boneti itainuka, mhimili usio na pini utachomoka, na upepo ukipita boneti itashuka yenyewe. Lori linalopita kwa kasi laweza kuleta msukumo wa namna hiyo kwa nukta moja, nayo nukta moja yatosha.

Jambo la mwisho ni kutu. Land Rover ilipozinduliwa mwaka 1948, chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita, hivyo bodi zake zilitengenezwa kwa aloi ya alumini. Alumini ikigusana na chuma mahali penye unyevu, viwili hivyo hufanya seli ya umeme kama ya betri, na alumini ndiyo inayoliwa. Katika wilaya yenye mvua nyingi, bati linalozunguka bolti za kikombe cha mhimili huweza kugeuka unga mweupe huku bolti zenyewe zikionekana nzima. Tia washa za mpira au plastiki na rangi kati ya metali hizo mbili, na ukague kila mara.

Uamuzi

Kutokana na hesabu hizi, mhimili unaofaa kwa gari kuukuu ni nondo ya milimita 10 au zaidi. Mguu wake umefungwa kwa bolti kwenye fremu ya mbele, mbali na betri ili chuma kisiguse vichwa vyake. Kichwa chake kinaingia katika kikombe na kufungwa kwa pini. Kabla ya kuinua boneti, zima injini, vuta breki ya mkono, weka mawe kwenye magurudumu, na ondoa gurudumu la akiba. Baada ya kuinua, ijaribu boneti kwa kuisukuma chini na kuivuta juu kabla ya kuinamisha kichwa. Na anayefunga aseme kwa sauti kwamba anafunga, asubiri ajibiwe.

Kazi hii mara nyingi hupewa kijana mdogo kuliko wote waliomo garini: “Shika hapa.” Yeye ndiye mhimili wa bei nafuu. Mikono yake huchoka, naye huona haya kusema. Nondo ya milimita 10 haichoki wala haioni haya. Mwalimu atakayewafundisha wanafunzi wake kuipima kani hiyo atakuwa amewapa hoja ya kukataa kwa adabu.

Mazoezi

1. Funga mizani ya kuning'inia, ile ya kupimia mazao, kwenye ukingo wa mbele wa boneti iliyofungwa lakini isiyobanwa. Vuta juu mpaka boneti iachane na bodi kidogo tu. Mizani ikisoma kilo 9, na boneti ikiwa na urefu wa mita 1, momenti ya uzito ni ngapi?

2. Boneti tupu ya newtoni 160 imefunguliwa nyuzi 60, kitovu chake cha uzito kikiwa sentimita 50 kutoka bawaba. Mhimili umekutana nayo kwa pembemraba, sentimita 60 kutoka bawaba. Tafuta kani katika mhimili.

3. Kijiti kimeshikwa na msuguano tu, na namba ya msuguano ni 0.3 katika ncha zote mbili. Boneti yaweza kufunguliwa hadi pembe gani kabla kijiti hakijateleza kwa namna yoyote kitakavyowekwa?

4. Fimbo ya milimita 8 yenye urefu wa sentimita 70 hupindika kwa newtoni 810. Fimbo ya unene huo huo, yenye urefu wa sentimita 140, itapindika kwa newtoni ngapi? Eleza kwa nini mhimili mrefu kupita kiasi si salama.